Buluu Ndani ya Taa ya Bati

Isevya, Tabora
Jumatano, baada ya alasiri

Mwanangu Shabani,

Sikuulizi hali, maana nakusikia hapo uani ukibishana na baba yako kuhusu kufuli ya sanduku. Yeye anataka uvae ufunguo shingoni kama mtoto mdogo, wewe unataka kuutia mfukoni kama bwana mkubwa. Mtamalizana wenyewe. Mimi nimekaa dirishani, upande ambao jua halipigi, na nimejipa muda mpaka mwanga utakapoisha. Taa siwashi. Barua hii naitaka iwe ya mwanga wa mchana, na ukiisoma mpaka mwisho utajua kwa nini.

Mambo ya kufua, kula, kuswali na kuchagua marafiki ameshakwambia baba yako, na pale aliposahau majirani wamemkumbusha. Sirudii hata moja. Nataka kukujibu lile neno ulilolisema jana tukiwa tunakula. Ulisema, "Mama, kule mgodini siku hizi kuna taa za kisasa za kuchambulia almasi. Unaweka jiwe, taa inakuonyesha kila kitu. Macho hayana kazi tena." Ukacheka, nami nikanyamaza. Ulidhani nimekosa la kusema. Lini umemwona mama yako akikosa la kusema? Nilinyamaza kwa sababu jibu lilikuwa refu na ugali ulikuwa unapoa.

Kesho asubuhi unapanda treni ya Mwanza kwenda kujifunza kazi ya kuchambua almasi, kazi ambayo mimi niliifanya hapa Tabora mpaka miwani iliponishinda. Nimefurahi mwanangu, sina haja ya kuficha. Nimewatangazia wauza dagaa, nimemtangazia fundi cherehani, na jana nimemsimamisha mtu nisiyemfahamu kabisa pale sokoni nikamwambia mwanangu anakwenda kukaa mbele ya mawe. Alinipa pongezi akaondoka haraka. Lakini furaha yangu haitanizuia kukusimulia taa ya bati, maana umeikuta nyumbani ikiwa banda la vifaranga na hujawahi kuuliza ilitoka wapi.

Nilipoingia katika kazi ile ulikuwa hujaanza kutembea. Ilikuwa miaka ile baada ya Azimio, kila kona watu wanaimba kwamba mali ni yetu, na Serikali ikafungua chumba hapa mjini cha kuchambulia almasi za wachimbaji wadogo. Kabla ya hapo mawe yalinunuliwa, yakafungwa, yakasafirishwa, na daraja lake likatajwa huko yalikokwenda. Sasa tukaambiwa yatapangwa hapahapa, na watu wa hapahapa. Chumba chenyewe kilikuwa kando ya ile njia ya zamani ya misafara. Babu wa baba yako alikuwa mpagazi, aliipita njia hiyo na pembe ya ndovu begani mpaka pwani, na aliporudi alikuwa na kovu la bega na kitambaa. Pembe ilikuwa na thamani gani hakujua, na hakuna aliyemwuliza anaionaje.

Mkuu wa chumba aliitwa Bwana Mashimba, Msukuma mpole mwenye sauti ya chini. Alitafuta watu wenye macho ya rangi. Alituwekea vipande vya karatasi, vyote vyeupe, akasema tuvipange kuanzia kilicho cheupe zaidi. Wengi walidhani anawatania. Mimi nilivipanga nikiwa nimekubeba mgongoni, nikamrudishia. Mimi ni mtoto wa Usoke, usisahau. Nimekulia kwenye banda la tumbaku la bibi yako, jani la rangi ya limau huku, jani la rangi ya chungwa kule, na ukikosea bibi yako hapigi kelele, anakurushia jani usoni. Mtu aliyelelewa hivyo utamtishia karatasi?

Nikapata kazi, nikavaa koti la kijivu, na hapo ndipo nilipojua kuwa sijui kitu. Almasi ikitoka ardhini haifanani na ile ya kwenye hadithi, Shabani. Mawe mengi yana chembe ya njano ndani yake, njano hafifu kama maji ya kusuuzia kikombe cha chai. Kazi yako ni kusema njano hiyo ni kiasi gani. Unalikalisha jiwe kwenye karatasi nyeupe iliyokunjwa, pembeni yake unaweka mawe ya mfano ambayo madaraja yake yanajulikana, unainamisha kichwa, unatazama kwa ubavu, unalinganisha. Na hapo kila kitu kinategemea mwanga. Balbu ya kawaida ina njano yake, inaimwagia kila jiwe bila ubaguzi. Jua kali linalifanya jiwe limetemete mpaka usione kitu. Unahitaji mwanga mtulivu usio na rangi yake wenyewe.

Dirisha la chumba chetu lilitazama kaskazini. Mzungu aliyelijenga jengo hilo zamani alitoka nchi ambako jua halipiti upande huo, akaamini na huku litamheshimu. Hapa kwetu kiangazi jua linahamia kaskazini, na lilikuwa likiingia mpaka mezani bila hodi. Kwa hiyo kiangazi chote tulitegemea taa moja kutoka ng'ambo, ya mirija, yenye mwanga kama wa mchana.

Basi mjusi kafiri akaingia ndani ya taa hiyo. Akaungua yeye, ikaungua na taa.

Nyingine iliagizwa, lakini unaijua habari ya vipuri miaka ile. Na mnunuzi kutoka nje alikuwa njiani kuja kutazama mafungu tuliyoyachambua, mara yake ya kwanza kununua kwa madaraja yetu. Bwana Mashimba alituita.

"Jamani, sikilizeni," alisema. "Wakubwa wamesema hivi. Mgeni akifika hatuna mwanga wa kuaminika, mawe yataondoka yalivyo, yakachambuliwe huko huko kwa macho yao. Na chumba hiki kitafungwa."

"Na sisi je, Bwana Mashimba?" nikauliza.

"Ninyi mtarudi makwenu."

Alisema kwa upole, na ule upole wake ndio ulioniumiza. Nilirudi nyumbani nimekubeba, nikiwa na hasira na mjusi aliyekwisha kufa. Nikamkuta baba yako kibarazani anapiga bati la sanduku.

"Baba Shabani, unaweza kutengeneza taa?"

"Kibatari au ya ndani ya nyumba?"

"Ya almasi."

Hakucheka. Aliweka nyundo chini, akanisogezea kigoda. "Kaa kwanza," akasema. "Niambie almasi inataka nini."

Nilikuwa nimeolewa naye kwa sababu wazazi walipatana na yeye alikuwa mtu mtaratibu. Jioni ile nilimpenda. Nakuandikia hivyo hivyo, usione haya. Mtu anayeuliza kitu kinataka nini kabla ya kukishikia nyundo, huyo ukimpata usimwache, awe rafiki au mke.

Alitengeneza sanduku lililo wazi mbele, mirija ikakaa juu ndani, na ukingo ukashuka mbele yake ili mwanga usikupige machoni. Mirija, na choki na stata za kuiwashia, tulivipata kwa kuhangaika duka kwa duka, ile mirija yenye mwanga mweupe wa mchana. Siku tuliyoiwasha ilikuwa aibu tupu. Bati lilikuwa linang'aa, kila ukuta unarusha mwanga wake, na jiwe likawa na vimulimuli kama arusi. Baba yako akasema bati linahitaji kuvaa nguo. Tukakubaliana chokaa.

Hapa ndipo mama yako alipoingia na ujuzi wake. Unajua sifa yangu mtaa huu. Kanzu za baba yako zikianikwa uani watu wanapunguza mwendo. Na siri yake si siri, kila mwanamke wa Isevya anaijua: maji ya mwisho unatia buluu kidogo, na nguo inatoka nyeupe mpaka inauma macho. Kuta zetu pia tunazifanya hivyo sikukuu ikikaribia, chokaa na buluu. Baba yako alikuwa anakoroga chokaa tupu, nikamwambia, "Mbona unaipaka kama mtu asiye na mke?" Nikachukua kifuko changu cha buluu nikatia kwa mkono wangu huu huu.

Sanduku ndani likawa jeupe, mwanangu, jeupe la kupendeza! Tukalipeleka ofisini, tukaliwasha, nikamwaga fungu la kwanza. Mawe yote yalikuwa meupe. Yale niliyokuwa nayawekea shaka yakawa safi kabisa. Nikayaweka karibu na mawe ya mfano, yakalingana na la daraja la juu. Nikachambua asubuhi nzima, fungu zima likapanda. Nikapiga vigelegele, wenzangu wakapokea, Bwana Mashimba akatoka ofisini kwake akashikana mkono na kila mtu. Alituambia mgeni anaingia na treni ya Ijumaa na sisi tuko tayari.

Jioni bibi yako akafika kutoka Usoke na majani ya mfano, anataka niyatazame kabla hajapeleka tumbaku yake kwenye chama cha ushirika. Alikuwa na macho kuliko mimi, ila alipenda kunitahini. Usiku ulishaingia, nikamwambia nitayatazama kesho kwa taa yetu mpya, taa isiyo na mfano. Asubuhi nikaomba ruhusa mlangoni, mlinzi akacheka kwamba leo Mama Shabani analeta ugoro kwenye almasi, nikaingia na jani moja la tumbaku, la rangi ya limau.

Nikaliweka ndani ya taa. Likawa na ukijani.

Nikalitoa mlangoni kivulini, limau. Nikalirudisha ndani, ukijani, kana kwamba limechumwa kabla ya siku zake. Kwanza nikamlaumu bibi yako moyoni. Halafu nikakumbuka kwamba bibi yako angeweza kukosea siku ya wiki, lakini si daraja la jani. Nikatoa mawe ya mfano, nikayapanga yenyewe peke yake, la kwanza mpaka la mwisho, na badala ya kuonyesha tofauti zake, yale ya juu yakawa ndugu wa tumbo moja. Nisingeweza kukwambia lipi ni lipi hata kwa kiapo.

Ni buluu. Ilikuwa inaifuta njano ya mawe kama inavyoifuta njano ya kanzu. Njano ilikuwamo vile vile, sisi ndio tulioacha kuiona. Mgeni angefika na taa yake, angeweka mawe yetu ya daraja la juu, na angeona njano inamtazama. Wala asingehitaji kutugombeza. Angeandika tu kwamba watu wa Tabora hawajui au ni waongo, na chumba kingefungwa kwa haki.

Nimefikiri sana miaka yote hii kwa nini sikugundua siku ile ya kwanza, mimi niliyepanga karatasi na mtoto mgongoni. Sababu ni kwamba taa iliniambia kitu nilichotaka kukisikia. Ingeniambia mawe yote ni mabovu, ningeikagua msumari kwa msumari. Iliniambia ni mazuri, nikapiga vigelegele. Hilo ndilo jibu langu kwako, Shabani. Taa ya kisasa itakuonyesha kila kitu, sawa, lakini siku itakayokufurahisha mno ndiyo siku ya kusimama na kuiuliza maswali. Na si taa peke yake. Kuna watu pia, na kuna sifa za watu, lakini huko sitaki kwenda, nitaanza kuhubiri.

Nilikwenda kwa Bwana Mashimba na jani mkononi.

"Bwana Mashimba, taa ina kasoro, na kasoro nimeitia mimi."

Alinitazama. "Mama Shabani, jana si ulipiga vigelegele?"

"Nilipiga mapema, bwana."

Akalichukua jani, akaenda kujionea mwenyewe, ndani, nje, ndani, nje. Aliporudi alisema neno moja tu, "Fanyeni." Akaagiza mafungu yote tuliyoyapandisha yarudi mezani.

Baba yako alikwangua chokaa ile kwa brashi ya waya na msasa mpaka vidole vikachubuka, na chokaa inavyochoma kwenye jeraha unaijua. Hakunilaumu. Alinitania tu. Kila akipumzika alikuwa anauliza, "Mama Shabani, buluu imebaki? Nataka kutia kwenye uji." Nilichuja chokaa mpya kwa kitambaa cha kuchujia tui, tukaipaka tupu, ikakauka, tukapaka tena. Haikuwa ya kupendeza. Ilikuwa nyeupe kama mfupa, nyeupe isiyojali mtu. Tukaiwasha, nikaweka jani, likabaki limau. Nikaweka mawe ya mfano, yakaachana moja baada ya jingine kila moja na njano yake, na mimi nikalia palepale, koti la kijivu na machozi. Kisha nikafuta macho nikayashusha mawe yote niliyoyapandisha. Kila jiwe nililolipenda nililiondoa juu, nikaliweka linapostahili.

Ijumaa mgeni akaja, mzee mmoja mrefu, mpole, na taa yake ndogo ndani ya mkoba. Akasema tufanye hivi: yeye achambue fungu moja kwa taa yake, kisha lichanganywe, mimi nilichambue kwa yangu bila kuona alivyopanga, tulinganishe. Umeme haukukatika siku ile, jambo ambalo peke yake lilistahili shukrani. Wewe nilikuwa nimekuacha kwa bibi yako, na kwa mara ya kwanza tangu nikuzae mgongo wangu ulikuwa mwepesi, na nilitamani uzito wako. Nilichambua polepole. Bwana Mashimba alisimama nyuma yangu.

Tulipolinganisha, mafungu yalikubaliana, ila jiwe moja. Yeye kaliweka chini, mimi nimeliweka juu. Nikaliomba, nikalirudisha kwenye taa ya bati, nikaligeuza, na nikaiona njano imejificha pembeni, upande ambao sikuwa nimeutazama. Ningeweza kubisha. Wenzangu walitaka nibishe, niliwaona. Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Huyu bwana yuko sahihi. Linakwenda kwenye fungu lake." Na nikalisogeza.

Mzee yule akaizima taa yake. Akauliza kama ataruhusiwa kukaa kwenye taa yetu kwa kazi iliyobaki, maana taa yake inamchosha macho. Akavuta kiti, akakaa mbele ya bati la baba yako! Alipomaliza akagonga ubavu wa sanduku kwa kidole na kuuliza limetengenezwa wapi.

"Isevya," akasema Bwana Mashimba.

"Isevya ni nchi gani?"

Bwana Mashimba, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akanyoosha mkono dirishani na kusema kwa sauti iliyofika barabarani, "Pale! Nyuma ya ule msikiti!" Na hapo, mwanangu, nilipiga vigelegele vya haki. Mlinzi mlangoni alivipokea, wanawake waliokuwa wanapita na ndoo wakavipokea bila hata kujua ni vya nini. Baba yako anasema alivisikia kibarazani. Nadhani anatia chumvi, lakini mwache.

Chumba hakikufungwa. Mawe yalitoka Tabora na madaraja tuliyoyatamka sisi, miaka yote mpaka taa nyingine zilipokuja na ya bati ikarudi nyumbani kulea vifaranga. Siku utakayorudi nyumbani, ligonge bati hilo mara moja kwa heshima. Mikono iliyolitengeneza ndiyo iliyotengeneza na sanduku lako.

Mwanga unaanza kupungua, karatasi hii inaanza kuwa ya kijivu. Barua naitia chini ya mashati, na juu ya bahasha naandika usiifungue kabla ya stesheni ya Bukene, maana ukisomea hapa stesheni utalia mbele ya baba yako naye atalia, na mimi sitaweza kuwabembeleza wote wawili. Ndani yake utakuta jani la limau kutoka banda la bibi yako. Siku ya kwanza, kabla hujagusa jiwe, liweke chini ya hiyo taa ya kisasa ulitazame. Wakikucheka, waache wacheke.

Babu wa baba yako alibeba pembe mpaka pwani na hakuna aliyemwuliza anaionaje. Mimi niliulizwa, nikajibu mbele ya mgeni, na chumba kikasimama. Kesho unakwenda mahali ambapo watakuuliza wewe kila siku. Itazame taa, litazame jiwe, kisha sema unachokiona, na useme kwa sauti.

Mama yako aliyekubeba mgongoni akichambua,
Nyamizi